Sauti Yangu Ndiyo Iliyomuumiza Konso

Nilikosa. Naanza hapo hapo, maana nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi kujitetea najua sana.

Ilikuwa Ijumaa jioni, wiki ya Krismasi, sebuleni kwa Mama Konso, hapa Hounslow, London. Nyumba imejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Redio imeshataja nyimbo zilizoongoza wiki hiyo. Konso wetu, mtoto aliyeshinda shindano la kuimba la televisheni mbele ya nchi nzima, amekuwa wa pili. Namba moja imechukuliwa na wimbo wa zamani wa magitaa, wa wazungu fulani wanaopiga kelele kama wamebanwa mlango.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la sambusa. Nikamsogelea nikamwambia, "Pole mwanangu. Mungu ana makusudi yake."

Konso hakulia. Alichukua simu yake, akaiunganisha na spika ile ile iliyokuwa inatoa redio. Nikasikia sauti yangu. Mimi! Nyumba nzima inasikia!

"Wanakikundi, habari zenu. Leo hakuna msiba, msishtuke. Nawaomba kila mtu anunue ule wimbo wa magitaa, auache uimbe kwenye simu mpaka Ijumaa. Huyu binti namjua mimi, sauti yake ni ya kawaida tu, kwaya ya watoto kuna wanaomzidi. Acheni aanguke kidogo, ndipo atakumbuka watu."

Halafu kicheko changu mwishoni. Kile kicheko, jamani! Maneno ningeweza kusema nilidanganywa, lakini kicheko nilikicheka mwenyewe.

Konso akasema kwa Kiingereza, maana hawa waliozaliwa hapa ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza: "Anti, nchi nzima haikunitaka. Sawa, hawanijui. Wewe unanijua."

Nilibaki na sinia. Hakuna aliyechukua hata sambusa moja.

Jina langu sitalitoa. Ya wenzangu nitayatoa. Mkiona si haki, basi, nimeshafanya mengi yasiyo haki.

Nirudi nyuma mnielewe. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, niliishia darasa la saba. Niliolewa nikaletwa London na mume aliyekuwa ananipiga mpaka jirani Mhindi akawa anagonga ukuta. Siku niliyotoka nilitoka na kandambili na mfuko wa nailoni. Sikuwa na makaratasi. Nilikuwa nakwenda Croydon kwenye jengo la uhamiaji, nasubiri, narudi, nasubiri tena. Aliyenipokea ni Mama Konso. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Akaniambia, "Dada, wewe utalala na mtoto. Usiniulize mpaka lini."

Mtoto ndiye Konso, Konsolata, wakati ule ana miaka sita. Nilikaa naye chumba kimoja miaka minne. Nilikuwa namsuka huku namfundisha kuimba. Nilimfundisha kuvuta pumzi tumboni, siyo kifuani. Nilimfundisha kushika sauti ya pili wakati mimi nashika ya kwanza, halafu tubadilishane bila kusimama. Akikosea nilikuwa namvuta kidogo nywele, anacheka. Mimi sikujaliwa mtoto. Nadhani mmeshaelewa.

Alipokwenda kwenye shindano nilimfulia gauni lake jeupe kwa mkono wangu.

Sasa, hao wa televisheni kabla mtoto hajaimba wanaonyesha maisha yake. Wanataka watu walie kwanza. Usiku wa fainali tulikusanyika kwa Wilbroad, maana ana televisheni kubwa. Wilbroad ndiye admini wa kikundi chetu cha misiba. Mama Konso yuko ukumbini na mwanawe, sisi tumejipanga kwenye makochi, na mimi nimevaa kitenge kipya kama vile ndiye ninayeonekana mimi.

Nilikuwa nasubiri jina langu. Kwetu, ukipewa sifa unataja watu. Iwe harusi, iwe kipaimara, unaanza na wazazi, unakuja kwa waliokulea, unakuja kwa mwalimu wako. Ukimruka mtu, kila mmoja anajua umemruka na anaanza kuuliza kwa nini. Konso anajua hivyo. Nilimfundisha mimi.

Akatokea kwenye kioo, akasema: "Tulikuwa tunabanana. Chumba changu nililala na mwanamke ambaye mama alimsaidia, hakuwa na pa kwenda. Nilikuwa naimba peke yangu."

Basi! Wakaonyesha mama yake na sare ya keya, ile kazi yake ya kutunza wazee, wakaonyesha dirisha lenye mvua, akaanza kuimba.

Wilbroad akanigeukia mbele za watu. "Dada! Kumbe wewe ulikuwa wa kuokotwa? Na tulikuwa tunakuita mwalimu!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilikwenda chooni kwake nikafungulia maji.

Konso alishinda. Watu walipiga vigelegele. Vyangu havikutoka.

Kesho yake Wilbroad akanipigia niko kazini, nabeba boksi huko uwanja wa ndege. Kama hamjui, nchi hii redio inasoma chati ya nyimbo kila Ijumaa, na ile ya kabla ya Krismasi wanaisubiri kama fainali ya mpira. Mshindi wa shindano anatolewa wimbo haraka haraka ili aishike namba moja. Kuna watu wamechoka na jambo hilo. Wanasema kampuni ya televisheni inawachagulia. Kwa hiyo wanapeana habari mtandaoni: wote tununue wimbo fulani wa zamani, tumzuie mshindi. Wanafanya kama utani.

"Dada, siyo dhidi ya mtoto," Wilbroad akaniambia. "Ni dhidi ya hao wenye televisheni waliokudhalilisha. Waingereza wenyewe wanafanya. Wewe toa tangazo tu."

"Kwa nini usitoe wewe?"

"Mimi nikisema watasikiliza nusu. Wewe ndiye sauti ya kikundi."

Ni kweli. Hapo ndipo uovu wangu ulipo, someni vizuri. Mimi nilikuwa mhamasishaji wa misiba. Mtu wetu akifa huku ugenini, ninayetuma sauti ni mimi. Watu wako kazini, wako kwenye treni, wakisikia sauti yangu wanasimama. Hakuna anayeuliza maswali. Wanajibu "tumepokea" na wanafanya, kwa sababu kesho inaweza kuwa zamu yao. Miaka tisa sijawahi kuitumia sauti ile kwa kitu kingine, hata kuuza vitenge sikuuza.

Nikaitumia kumzika mtoto mzima.

Wilbroad akafungua kikundi cha pembeni. Aliwaingiza wote wa misiba isipokuwa Mama Konso. Niliona. Niliona jina lake halipo, nikajua tunafanya nini, na bado nikabonyeza nikaongea. Nikacheka.

"Tumepokea." "Tumepokea." "Tumepokea mama." Simu ililia saa nzima.

Alinipigia mmoja tu, Mzee Kitwana, mtu wa Tanga, mgonjwa wa sukari, alishastaafu. "Mwanangu, huyu mzungu ana nini? Mbona anapiga mayowe? Nimemwacha jikoni anaendelea, paka amekimbia."

Nikacheka nikamwambia amwache hivyo hivyo.

Halafu akauliza: "Lakini huyu tunayemzuia, si Konso wetu huyu?"

Mungu alinipa mlango! Mzee wa watu alinifungulia mlango, nilichotakiwa ni kutoka tu. Nikamjibu hivi: "Mzee, umepokea au hujapokea?"

"Nimepokea, mwanangu," akasema.

Wiki nzima ile nilikuwa nakwenda kwa Mama Konso kila nikitoka kazini. Nakuna nazi, nakata vitunguu, nafungua mlango kwa wageni. Akaniomba tusali wimbo ushike namba moja. Nilipiga magoti naye. Simu mfukoni mwangu inaimba wimbo wa magitaa, nimezima sauti tu.

Mtaniambia, watu sitini wa kikundi wanaweza kushusha wimbo? Hawawezi. Nchi ndiyo iliyofanya, sisi tulikuwa tone. Nimejifariji na hesabu hiyo mwaka mzima na haijanisaidia. Konso hakuuliza tulikuwa wangapi.

Baada ya ile sauti kusikika, watu walitoka mmoja mmoja wakiangalia viatu. Nilimfuata Mama Konso jikoni. Alikuwa ananawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Mama Konso, alinikana mbele ya dunia," nikasema. Hata hapo nilikuwa bado na mdomo! "Mimi nimekuwa mwanamke asiye na pa kwenda. Ati alikuwa anaimba peke yake!"

Akafunga bomba. "Alikutaja."

"Nilisikia kwa masikio yangu!"

"Ulisikia walichobakiza. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake wakati wanamrekodi. Alisema alikuwa anaimba peke yake mpaka Anti alipokuja. Akasema Anti ndiye aliyemfundisha kupumua. Akataja jina lako mara mbili, akawatamkia herufi. Yule dada mzungu wa televisheni, Philippa, akasema nzuri sana hiyo, tutaiweka. Wamekata. Siku ile Konso alitaka kukupigia akueleze. Mimi ndiye nilimzuia. Nilimwambia alale, Anti yako ana akili, ataelewa."

Nilikaa chini kwenye vigae.

"Usikae," akaniambia. Hakupaza sauti. "Nilikupokea huna hata viatu, sikukuuliza mpaka lini. Leo nakwambia. Mpaka leo."

Miaka yote niliyopigwa na yule mwanaume sijawahi kusikia kitu kilichonipasua kama hicho. Nilipona kwa mume. Sijui kama hili nitapona.

Kampuni ilimwacha Konso kabla ya Pasaka. Walimwambia wimbo haukufanya walivyotegemea. Sasa yuko Stanmore, anauza dawa za mafua na krimu za watoto kwenye duka la dawa. Haimbi. Mama yake alimwambia mtu, na mtu akaniambia, kwamba hata akiwa anaosha vyombo haimbi. Mtoto ambaye alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu bila kuimba!

Nilikwenda dukani kwake mara moja. Nikapanga foleni kama mteja. Nilipofika mbele akaniuliza, "Naweza kukusaidia?" Kwa heshima kabisa. Nikanunua plasta nikaondoka.

Kwenye kikundi walinitoa. Mzee Kitwana alipofariki, mimi niliyekuwa natangaza vifo vyote vya watu wetu, nilipata habari siku nne baada ya mazishi, kwenye foleni ya kununua samaki.

Na Wilbroad? Wilbroad amekuwa mwenyekiti wa jumuiya! Anakaa meza ya mbele kwenye harusi. Anawaambia watu, "Mimi sikusema neno. Sikilizeni sauti ni ya nani." Ni kweli, mjanja hakusema neno. Kikundi alifungua yeye, wimbo alichagua yeye, na sasa nimejua kwamba binti yake alikwenda kwenye shindano lile lile akarudishwa siku ya kwanza. Hilo hakuniambia. Mimi nilikuwa na kidonda changu, yeye ana chake, akanitumia mdomo.

Ninyi mnaosoma, mkiambiwa jiunge na watu umzuie fulani asipande, ni mchezo, si dhidi yake, ni dhidi ya wakubwa wake, ulizeni kwanza: huyo fulani atakapoanguka, wakubwa wake wataumia wapi? Wale wa televisheni mwaka uliofuata walileta mshindi mwingine, na meno yao meupe vile vile. Na ukiumizwa na maneno ya mtoto wako, mpigie simu! Dakika mbili tu! Mimi nilikuwa na simu mkononi, nikaitumia kuwapigia watu wote isipokuwa yeye.

Philippa, najua hujui Kiswahili. Ile rekodi iko kwenye kabati lenu. Mlipokata jina langu mlidhani mnakata nini? Itoeni muione.

Konso, sikuombi unisamehe kwenye gazeti. Nilichosema juu ya sauti yako kilikuwa uongo na nilijua ni uongo wakati nakisema.

Lakini wewe Wilbroad, kuna jambo moja watu hawalijui, na mimi nalijua kwa sababu jioni ile jikoni Mama Konso alinionyesha, kwenye simu ya Konso, jina lililokuwa juu ya ule ujumbe. Konso hakuwa kwenye kikundi chako. Asubuhi ya Ijumaa ile, chati bado haijasomwa, ulimtumia mtoto ile sauti wewe mwenyewe, kwa namba yako. Watu walikuwa wameshanunua wiki nzima, ulikuwa umeshapata ulichotaka. Mimi nimesimama nimesema langu. Simama na wewe, mbele ya jumuiya nzima, Mama Konso akiwepo, useme: ulimtumia ili iweje?