Mfereji na Mapinduzi ya Baba Mdogo

Nikisikia harufu ya matope yaliyofukuliwa na majani ya mgomba yaliyooza, narudi moja kwa moja kijijini kwetu, juu kidogo ya Lukozi, kwenye mfereji uliotuletea maji ya kumwagilia mboga. Kila masika yakiisha, kila nyumba ilitoa mtu mmoja kwa siku tatu kuuzibua. Nyumba isiyotoa mtu haikupewa zamu ya maji mpaka kiangazi kiishe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na sikumbuki mtu aliyeibishia.

Mwaka mmoja redio ilihubiri ujamaa asubuhi na jioni, nami nilikuwa msichana wa darasa la nne. Mama alikuwa amekwenda Mgwashi kumuuguza bibi. Baba alikuwa ameteleza mteremkoni na kuvunjika mguu, akawa analala chumbani amefungwa vibanzi. Kwa hiyo mtu wetu wa mfereji alikuwa mdogo wake, baba mdogo Elia, aliyerudi kutoka chuoni Dar es Salaam na sanduku la vitabu. Nilimpenda kupita kiasi, kwa sababu alizungumza nami kama mtu mzima. Aliniambia ujamaa wa redioni ulikuwa maji ya uvuguvugu tu. Mapinduzi yenyewe, ya wafanyakazi na wakulima, yangefika kabla kabichi zetu hazijafunga vichwa. Trekta zingelima mashamba ya wote. Nilitazama miteremko yetu, ambako hata mbuzi hutembea kwa adabu, nikajiuliza trekta ingesimama wapi. Sikumuuliza. Nilidhani ujinga ulikuwa wangu.

Siku ya kwanza ya mfereji alikaa nyuma ya nyumba akisoma. “Mambo ya zamu yamepitwa na wakati,” alisema. “Mwambie kaka nimekwenda. Mapinduzi ni suala la wiki chache tu.” Jioni baba akaniita. “Elia alikwenda mferejini?” Nikajibu, “Alikwenda, baba.” Nilijibu hivyo siku zote tatu. Sikuwa mtoto mwongo. Niliamini tu kwamba ukweli ulikuwa njiani unakuja.

Maji yalipofunguliwa yalipita shamba letu bila kusimama. Mzee Yakobo, msimamizi wa mfereji, alikuja mwenyewe kumweleza baba. “Lakini mwanangu aliniambia...” baba alianza, kisha akanitazama. “Sawa, mzee. Hukukosea.” Hakunichapa, na ningefurahi kama angenichapa. Kabichi zikageuka njano, zikanyauka zote, na ndizo zilizokuwa chakula chetu, chumvi yetu na sare yangu ya shule.

Kisha likatokea jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Mke wa Mzee Yakobo alituletea kikapu cha viazi. Kesho yake jirani mwingine akaleta maharage, na kiangazi kizima hatukulala njaa. Watu walewale walionyima shamba letu maji! Nilimkimbilia baba mdogo. “Haya ndiyo mapinduzi?” Alikuwa akimenya kiazi cha Mzee Yakobo. “Hapana,” alisema. “Huu ni ujirani tu.”

Sasa baba mdogo ni mzee anayeishi Soni, na bado anayasubiri. Amebadilisha tarehe tu. Simcheki. Akisema hali hii haiwezi kudumu, nakubaliana naye. Akisema inaisha mwakani, naenda kuchemsha chai. Kijijini siku hizi wengi wana mabomba yao. Hakuna anayenyimwa maji kwa kukosa kazi ya pamoja, na hakuna anayejua jirani amekula nini. Sijui kama hayo ni maendeleo, na wala sijui nimuulize nani.

Baba alipona, akatembea, akaishi miaka mingi. Suala la mfereji hakulitaja tena hata mara moja. Lakini tangu kiangazi kile mpaka anafariki, kila nilipomwambia jambo, alinisikiliza kwa upole, akaitikia, kisha akamtuma mtu mwingine akaangalie.