Nyumba ya Usiku Mmoja

Jumatatu asubuhi, nikiwa bado natafuta cha kuwaandikia wiki hii, nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba yule fundi wa sare za shule aliyekuwa na duka nyuma ya soko la Migori ameaga dunia. Presha, walisema. Wengi wenu hamkumjua, ingawa kama mlisomesha mtoto mjini hapa miaka ile, huenda mlimvika kaptura iliyopita mikononi mwake. Mimi nilimjua vizuri, na tangu Jumatatu natamani kitu kimoja tu: Sabato moja ya zamani, kwenye kibaraza chake kule Suna. Tumetoka kanisani, viatu tumevivua mlangoni kwa amri, mkewe ametuletea uji wa wimbi uliochachuka vizuri, naye ananitania kwamba watu wa magazeti hulipwa kwa kulalamika. Nimekikumbuka hata kicheko chake, ambacho siku hizo kilikuwa kikinikera.

Nyumba ile ya Suna aliijenga kwa Januari. Kila shule zilipofunguliwa na wazazi wakamiminika dukani, faida iligeuka ukuta. Alipenda kukutembeza chumba baada ya chumba akikutajia sare zilizokilipia. "Hii sebule ni sweta za maruni," angesema, "na jikoni ni sketi za buluu. Usicheze!" Siku alipomaliza mkopo wa kiwanja aliniita nije nione hati yake, basi, hakuna lingine. Tulipokezana ile karatasi kama mtoto mchanga, na mkewe akatukaripia tusiishike kwa mikono yenye mafuta ya samaki. "Omera, ndugu yangu," aliniambia, "sasa hata kazi ikipotea, hakuna mtu wa kuniambia toka hapa." Aliamini hivyo, nami niliamini pia.

Mama yake alikuwa Ndhiwa, katika nyumba ya udongo yenye bati lililoliwa na kutu. Kila Krismasi mwana alimwambia atamjengea mwakani, naye mama akajibu kwamba mwakani si mbali. Kisha mama akafa. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo sidhani watu wa kwingine wangelielewa. Kwetu ni aibu kuleta jeneza la mama, na magari ya wageni nyuma yake, mbele ya nyumba iliyoinama. Kamati ya mazishi ikaketi, nami nikiwa mmoja wao, ikakubaliwa kwamba kwanza isimame nyumba ya kudumu, ya matofali, yenye vioo madirishani na vigae sakafuni. Hati ya Suna ikapelekwa benki. Mama akangoja mochari wiki tano, mafundi wakimjengea.

Siku ya kutia saini niliwasindikiza. Afisa wa mikopo alimgeukia mke, kama sheria inavyotaka. "Mama, unajua mkishindwa kulipa, nyumba inaenda?"

"Najua."

"Na umekubali?"

Mama yule alimtazama mumewe kwanza. "Huyu amelala mochari ndiye alinizalia bwana. Sasa nitakataa aje?"

Nilikuwa nimeketi pale pale. Mimi ninayelipwa kusema, sikusema neno. Ningeweza kuwaambia kwamba marehemu hana haja ya vioo, lakini nilikuwa nawaza watu watasema nini, kama alivyowaza kila mtu kwenye kamati ile.

Mazishi yalisifiwa hadi Homa Bay mjini. Jeneza lililala ndani ya nyumba mpya usiku mmoja; kesho yake tukazika, tukala, tukapiga picha barazani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tulikopa matanga, na sijui wangetuambia tulipe nini. Muda si mrefu sare zikaanza kuja zimeshonwa tayari kutoka viwandani, wazazi wakapungua dukani, na mwaka wa tatu nyumba ya Suna ikauzwa kwa mnada. Rafiki yangu akarudi Ndhiwa. Kule kulikuwa na nyumba nzuri ya matofali, imefungwa kwa kufuli, naye hakuweza kuingia kulala, kwa kuwa kimila mwana aliyeoa halali katika nyumba ya mama yake. Nilikasirika nikamwambia aingie, mila haitamtafutia pa kulala. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefukuzwa kwangu. "Omera, mimi na bibi yangu tulale kwa mama? Hapana. Ile nyumba ni yake." Akajenga chumba kimoja cha mabati upande wa pili wa boma, akaweka cherehani mlangoni, akawa anatia viraka nguo za majirani. Humo ndimo alimofia. Nilimtembelea mara mbili tu, na hilo linaniuma.

Tutamzika Alhamisi. Kamati ilipoanza kutaja mafahali na mahema, mjane alitukatiza. "Shem, mje na miguu yenu tu. Mkinijengea kitu, nitakibomoa." Hakuna aliyembishia. Sizidharau mila zetu. Zimetufundisha kutoachana wakati wa kilio. Ila heshima tunayompa mzazi akiwa jenezani tungeweza kumpa akiwa kitandani, tena kwa bei nafuu. Yule mama wa Ndhiwa alihitaji bati jipya, na mwana wa kunywa naye chai chini ya bati hilo. Januari moja ingetosha, na ile nyumba ya Suna ingebaki, na pengine mwenyewe angebaki.

Jana nilimpigia mama yangu kijijini, upande wa Rangwe, nikamwambia kwamba Jumapili nitafika na fundi na mabati ya kubadilisha paa lake. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Nyathina, mwanangu, kwani ni nani amekufa?"