Ugali Mchana, Mlenda Jioni

Miaka ile naikumbuka kama jana, mjukuu wangu, maana ndipo nilipochoka kabisa kupika. Na leo umenirudisha pale pale, uliponiambia nikuwekee nyama pembeni, ugali utakula baadaye, eti vikikutana tumboni vinaleta kitambi. Hebu kaa hapo. Na simu weka chini.

Babu yako alikuwa muuzaji wa duka la kijiji tulipohamia kijiji cha ujamaa, karibu na Mungaa. Kabla ya hapo alikuwa mkulima, mwembamba tu. Akapewa kiti, akakikalia kutwa nzima, jioni anapitia pombe ya mtama, tumbo likatoka. Sasa miaka ile tumbo lilikuwa kesi. Mwenye kitambi aliitwa mnyonyaji. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anakula sukari ya kijiji, na mkutano wa kumjadili ukaitishwa. Hakuwa ameonja hata kijiko. Lakini tumbo liko pale, kila mtu analiona.

Ndipo dereva mmoja wa lori, kutoka njia ya Shelui huko, akamwambia dawa ni kutochanganya: unga na mafuta visikutane. Babu yako akaamini, mtu mzima na ndevu zake. Mchana anakula ugali wa uwele mkavu, anaushushia na maji. Jioni mlenda wenye samli, anaunywa kama uji. Mimi moto mara mbili, maji mara mbili, na kuni ziko mbali, maana kijiji kizima tulikuwa tunaokota mahali pamoja. Halafu ugali bila mboga haumridhishi, anaongeza. Mlenda bila ugali haumshibishi, anaongeza. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, ningesema nini? Nikawa napakua huku nimenuna.

Aliyesema ni mama mkwe. Alikuja kutuona, nikapiga goti nikamwamkia, akamkuta mwanawe ameshika bakuli la mlenda.

"Anaumwa?" akaniuliza.

Nikamweleza yote. Akamgeukia babu yako.

"Baba yako alikula ugali na mlenda wa samli pamoja maisha yake yote, na mbavu zake tulikuwa tunaziona. Alikuwa analima. Wewe unakula cha watu wawili, unarudi kukaa. Na huyu mtoto wa watu unamchosha kwa nini?"

Siku ya mkutano tumbo lilikuwa pale pale. Mzee mmoja akalitaja. Mama mkwe, aliyekuwa bado kwetu, akasimama, akasema, "Hilo si la sukari, ni la kiti. Mliomkalisha ni ninyi. Asubuhi mpeni jembe kama wenzake, duka afungue mchana." Watu wakacheka, wakakubali. Duka hakunyang'anywa. Akalima, pombe akapunguza, akala sahani moja yenye kila kitu, na kufikia mavuno suruali zilikuwa zinamvuka.

Basi sikiliza, mjukuu wangu. Mwili hauulizi ugali umekutana na nani. Unaangalia umekula kiasi gani na umefanya kazi gani. Kula vyote pamoja, ukishiba acha, kisha inuka utembee. Mungu akupe afya, akupe na kazi ya kutoa jasho, uzeeke na meno yako yote.

Sasa nawa mikono. Mimi sipiki mara mbili tena.