Foku ya Kilo Arobaini na Saba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo viganja vyangu huikumbuka kabla ya kichwa. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mawe ya matumbawe nyuma ya hoteli moja ya Shelly Beach, baiskeli imenilalia mgongoni, na wenzangu wa kazini wamesimama wananitazama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba wa kilo arobaini na saba, hata mama yangu, Mungu amrehemu, akisema kusi ikivuma vizuri itanivusha ng'ambo bila feri. Kazi yangu pale hotelini ilikuwa kukodisha baiskeli. Basi meneja akatangaza kwamba anataka mtu wa kuwaongoza wageni kwa baiskeli za milimani, kupita mtaa wa Shika Adabu hadi karibu na vilima vya Shimba. Wafanyakazi wanaotaka washindane, atakayetangulia kazi ni yake. Tukajiandikisha saba. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Baiskeli nilikuwa nayo. Mgeni mmoja, pandikizi la mtu, aliniachia yake aliporudi kwao. Foku yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa na shokapu ndani, kama ya pikipiki: miguu miwili yenye upepo na mafuta, ya kupokea vishindo vya njia. Mimi vishindo vyote nilivipokea mwenyewe. Kila jiwe lilinipanda hadi mabegani, nikadhani udhaifu ni wangu.

Nikamuuliza Kombo, mpagazi wa hoteli na mmoja wa wale saba, mwenye kilo tisini zake na mwendo wa kutisha. Akaniambia foku ngumu ndiyo ya mbio, niongeze upepo. Hakuwa na nia mbaya. Kwake ilikuwa kweli. Nikaongeza. Kesho yake, tukijaribu njia, gurudumu la mbele liliruka juu ya mawe kama mpira, na hapo ndipo uliponikuta mwanzo wa hadithi.

Nyumbani tulikuwa na Mzee Rashidi, mjomba wake mama, fundi wa pikipiki kule Mtongwe kwa miaka mingi. Aliniona nikipaka viganja dawa, akasema niipeleke baiskeli kwake. Na mimi, kwa ujeuri wa ujana, nikamjibu kwamba ile ni baiskeli ya kizungu, si pikipiki. Asiyesikia la mkuu, mwanangu, huvunjika guu. Mimi nilianguka mara mbili zaidi ndipo nikamwendea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Panda."

Nikapanda. Alikuwa amefunga uzi kwenye mguu wa foku, ili akiangalia uzi umesogea wapi ajue foku imebonyea kiasi gani. Uzi haukusogea hata chembe.

"Foku hii haijui kama umepanda," akasema. "Inamngoja mwenyewe. Nawe mjukuu wangu umekazana kuwa yeye. Nguo ya kuazima haisitiri."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeanza hata kujilazimisha kula usiku ili niongeze uzito.

Akapunguza upepo kidogo kidogo, hadi nikikaa tu foku inazama upana wa kidole. Akanituma nizunguke kwenye mizizi ya minazi. Jiwe la kwanza likapita laini, nikafurahi. La pili pia. Kufika la nne foku ikawa ngumu kama bomba la chuma. Nikarudi nimevunjika moyo. Yeye akatabasamu. Akanieleza kwamba mafuta ya ndani ni mazito, yanapita polepole kwenye tundu lake. Foku ikishazama haiwahi kunyanyuka kabla ya jiwe jingine. Mtu mzito huhitaji mafuta ya kumzuia. Mtu mwepesi yanamfunga.

Akayamwaga, akatia mepesi, akalegeza na skrubu ya chini inayotawala kasi ya kurudi. Tukalegeza kupita kiasi, usukani ukanipiga kidevuni. Tukarudisha robo mzunguko. Jioni nne tulifanya hivyo, na kila nilipotaka kugusa hili na lile kwa pamoja alinishika mkono. Geuza moja tu, alisema, uende ukaonje, kisha urudi. Ukigeuza mawili hutajua lipi lililokuponya. Jioni ya nne nilishuka yale matumbawe bila kushika breki, na gurudumu halikuiacha ardhi.

Siku ya mbio nilivaa suruali ndefu, mtandio nikaufunga kisogoni. Mama alisoma dua, kisha akaingia ndani ili asione. Kwenye mchanga na tambarare Kombo aliniacha, nami sikubabaika. Tulipofika penye mizizi nikamwona anapunguza mwendo. Mimi sikupunguza. Foku ilizama na kunyanyuka, ikazama na kunyanyuka, nami nikampita kwenye mteremko wa matumbawe, palepale nilipolala kifudifudi mbele ya watu. Nikafika lango la hoteli peke yangu. Nikageuka, wallahi, sikuona mtu njiani.

Wapishi walitoka na sufuria wakizipiga. Meneja alinipa kazi siku ile ile, nami niliifanya miaka kumi na minne. Na Kombo? Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwa Mzee Rashidi, ameketi juu ya baiskeli yake, anapimwa.

Basi sikiza, mwanangu. Ukiona chombo kinakutupa, usikimbilie kujilaumu, wala usimwige aliye hodari kwa kuwa ni hodari. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Jua uzito wako, uutaje bila haya, kisha ukiweke chombo sawasawa nawe. Na mzee mwenye ujuzi akikuita, nenda siku ile ile. Mimi gharama ya kuchelewa niliilipa kwa ngozi ya viganja. Ukigeuza jambo, geuza moja, uwe na subira ya kulionja.

Mola akupe njia yako, na nguvu za kuipita. Akujaalie watu wa kukutengeneza bila kukubadilisha, na ukifika mbele, ufike umesimama. Amin.