Swali la Kwanza

Ana vidole vyembamba, na hata akiongea na mtu huvigongagonga pajani kana kwamba bado anaandika. Aliacha kazi ya kompyuta mgodini Geita, akajifungia chumbani mtaa wa Kambarage miaka mitatu kutengeneza programu ya simu kwa wafugaji. Mwezi uliopita akaipeleka kijijini kwao Songwa, baba yake awe wa kwanza kuijaribu. Swali likatokea: “Una ng'ombe wangapi?”

Mzee akamrudishia simu. “Mwanangu, umekulia zizini kwangu. Lini ulinisikia nikitaja idadi? Unataka niitaje, ng'ombe wafe?”

“Huyu kasoma mpaka kasahau kwao!” jirani aliyekuwa ameketi nao akacheka.

“Nilisahau, baba,” akasema kwa sauti ndogo.

Bila idadi hiyo programu haisogei. Sasa kila asubuhi huwasha kompyuta, akalitazama lile swali mpaka chaji iishe.