Ng'ombe wa Wanzala Anywe Kwanza

Wanzala wa hapa Mayoni nimemjua tangu akitambaa. Mama yake alikuwa jirani yangu, muhogo tulimenya pamoja. Wanzala alikata miwa mpaka mgongo ukakataa, na panga lilimwachia kovu gotini. Si mtu wa maneno. Akitaka kukudanganya, mkono wake unashuka kukuna lile kovu. Wengi hawajui. Mimi najua.

Kiwanda cha wanga wa muhogo kilipojengwa upande wa juu wa kijito chetu, akaandikwa kazi. Muhogo mchungu una sumu, hata mtoto wa hapa anajua. Ndiyo maana sisi tunaulundika chini ya majani mpaka uote ukungu, tunaukwangua, tunauanika, ndipo tunasaga unga wa obusuma, ugali wetu. Kiwanda hakina subira hiyo. Kiliosha, kikakamua, maji kikamwaga kijitoni. Ndama wa jirani yangu Maximilla alikunywa, akaanguka kabla ya kufika nyumbani.

Tulipopiga kelele wakajenga tangi, na Wanzala akapewa kulichunga. Akatueleza pale kanisani, watu wakitoka.

"Ile sumu inaitwa sayanaidi. Ndani ya tangi tunatia vimeng'enya. Vinaivunjavunja mpaka haiui tena."

"Vina meno?" nikamuuliza. Watu wakacheka.

"Havina, Mama. Ni kama kimea kwenye pombe ya busaa. Hukioni kikifanya kazi, lakini uji unageuka."

"Busaa mwenye kupika anaonjanga kwanza, wageni wakimwona. Wewe utaonja?"

Akasema ng'ombe wake mwekundu atakunywa kijitoni, chini ya tangi, kila siku. Na kweli akanywa. Nilikaa nikimtazama mpaka akacheua, ndipo nikapeleka wangu. Nina ng'ombe mmoja tu, naye ana mimba. Akifa huyo, nimebaki na kamba.

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja nikamwona yule mwekundu anapandishwa mlima, kwenda kunywa huko juu, kijito hakijafika kiwandani. Kesho yake tena. Wangu nikamfunga, nikambebea maji ya kisima kichwani, mimi na miguu hii. Kisha nikamngoja Wanzala njiani.

"Mulembe, Wanzala. Kijito cha chini kimekukosea nini?"

"Hakuna, Mama. Huku juu nyasi ni nzuri." Mkono ukashuka gotini.

"Nyasi gani kiangazi hiki? Wacha hilo kovu. Sema."

Akatazama nyuma, akatoa kikaratasi mfukoni. "Hii ilikuwa ya manjano. Nimeining'iniza ndani ya chupa yenye maji ya tangi, ikawa kahawia. Sumu imo."

"Karatasi hainywi maji. Niambie kwa mdomo."

"Mtu alifungulia maji moto ya boila, yakaingia tangini. Vimeng'enya vikaharibika, kama kimea ukikitia kwenye uji unaochemka. Meneja anasema vingine vinakuja, ninyamaze, kazi isisimame."

"Na ng'ombe wako ukamwambia, sisi ukatunyima?"

"Mke wangu Ayuma ana mtoto mgongoni, Mama. Nikifukuzwa nitawalisha nini?"

"Nyama ya ng'ombe wetu. Itakuwa tele."

Akaniachia kamba ya ng'ombe wake, akateremka. Sikumwamini, nikamfuata na fimbo yangu, ng'ombe nyuma. Nilipofika alikuwa ameshafunga mlango wa tangi wa kutolea maji na kung'oa usukani wa kuufungulia. Akawapigia kelele waliokuwa bondeni: "Toeni ng'ombe! Maji ni mabaya!" Maji yakarudi nyuma mpaka uani kwa kiwanda. Meneja akatoka, viatu vimelowa.

"Nani amefunga?"

"Mimi," Wanzala akasema. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya usukani.

Akafukuzwa hapo hapo. Lakini muhogo wanaosaga ni wetu. Tukaurudisha majumbani, tukaulundika chini ya majani kama zamani, malori yakarudi matupu. Wakasafisha tangi, wakaleta vimeng'enya vipya, wakamwita Wanzala arudi kazini.

Siku ya kufungua, alimleta yule mwekundu mbele yetu sote. Ng'ombe akainamisha kichwa. Wenzangu walitazama ng'ombe. Mimi nilitazama mkono wa Wanzala. Haukushuka.

Hata hivyo nilingoja ng'ombe acheue.