Mashine iliona dhahabu kwenye mawe ya baba, na chai ya mama ikang'olewa

Wakuu, salamu kutoka Bureti. Haya yametokea kwetu nyumbani na sijaongeza chumvi. Bado yananisumbua roho, ndiyo maana nayamwaga hapa.

Mimi nafanya kazi kwa lab ya mawe Nairobi. Tuna electron microscope inayojiendesha. Unaweka sample iliyosuguliwa ikalainika, unafunga mlango, mashine inaipiga elektroni nukta kwa nukta, halafu inakuchorea ramani ya rangi: hapa quartz, hapa chuma, hapa mica.

Haichoki, na haina maoni. Baba yangu anayo mengi.

Shida ilianza alipokuwa anachimba kisima pale chini karibu na mto, nje kidogo ya Litein. Mawe yakatoka na vitu vya manjano vinang'aa. Wee! Habari ilifika sokoni kabla yake.

Sasa, kando ya kile kisima kuna chai ya mama. Sio ya familia, ni ya mama. Aliipanda mwenyewe, anaichuma mwenyewe, na ndiyo ilinisomesha mpaka nikafika kwa hiyo mashine. Baba akatangaza kwamba ikiwa ni dhahabu, chai yote ya huko chini inatoka.

Nikamwomba atume sample, na asiguse kitu mpaka nimpigie.

Kifurushi kikafika. Kufungua, ni unga, laini kama wa uji. Nikashangaa, lakini bosi wangu akasema hata unga husomeka, tuendelee.

Mashine ikazunguka. Karibu yote ilikuwa mica iliyochakaa, ile inayodanganya watu kwa kung'aa. Nikaanza kupumua.

Halafu zikatokea nukta chache, nyeupe sana kwenye screen. Dhahabu.

Na baba naye, kama aliyekuwa anachungulia dirishani, akapiga simu dakika hiyo hiyo. Nikamwambia angoje kwanza. Lakini baba anaamini habari mbaya haingojeshwi, mtu huitoa mara moja; ukiambiwa ungoje, basi ni njema. Kwa hivyo mimi nilisema ngoja, yeye akakata simu akijua ni ndiyo.

Bosi akafungua nukta moja moja bila haraka, mimi nikizunguka nyuma yake mpaka akaniambia nikae. Ile dhahabu ilikuwa na fedha ndani, na shaba nyingi mno.

Akanigeukia. "Hii ilichanganywa na mkono wa sonara, si ya ardhini. Nani alisaga haya mawe?"

Nikampigia mama. Akanieleza vizuri tu, bila wasiwasi. Baba alimwambia watu wa lab wanataka kitu kimesagwa, basi akatoa lile jiwe la kusagia wimbi, akapiga magoti, akasaga. Na pete ya ndoa kidoleni, kwa sababu kidole kilivimba zamani na haitoki tena. Akasema imekwaruzika kidogo, nisijali.

Nyuma yake nilisikia majembe.

Nikaomba ampe baba simu. Baba akasema yuko bize.

Usiniulize nilisafiri aje. Sikutulia, sikula. Nilifika nikakuta mistari ya karibu na mto imelala chini, mizizi inaangalia juu, na baba amesimama katikati na gumboots anaelekeza vijana.

Nikawaonyesha ile ramani kwa simu. Hii ya manjano ni mica, haina maana. Hii nyeupe ni pete ya mama.

Vijana wakashusha majembe. Baba akamgeukia mama, na wakuu, alikuwa anatabasamu.

"Si nilikuambia ni dhahabu ya ukweli?"

Kumbe miaka hiyo yote mama aliamini aliolewa na pete ya shaba, kwa sababu baba aliinunua kwa mchuuzi Kapkatet. Waligombana juu yake mpaka wakachoka. Mimi sikuwahi kujua.

Mama akaiangalia pete. Akaangalia chai yake.

"Sawa, ni dhahabu," akasema. "Sasa nirudishie chai yangu."

Baba ameshaleta miche, lakini sote tunajua itachukua miaka kabla ichumwe. Siku hizi wanaongea kupitia mimi. Mama ananipigia nimwambie baba, baba ananipigia nimwambie mama, na wako nyumba moja.

Nilichojifunza: tuma jiwe jinsi lilivyotoka ardhini, na udongo wake. Mashine husoma kilichomo kwenye kifuko, haijui kilichomo shambani.

Lakini kuna swali linanikosesha utulivu, na nyinyi ndio naliachia. Mashine haijamaliza, mzee ameshika simu, jembe liko mlangoni. Wewe ungemwambia nini akakusikia?